Mada: Nyumba ya babu Siyu, ndugu wanataka kuibomoa

Kutoka: Binti Siyu, Leicester

Assalaam alaykum jamaa,

Najua hapa huwa tunaulizana viza na ushuru wa kontena, lakini leo nina la nyumbani. Kaka yangu kanitumia ujumbe wa sauti: ile nyumba ya mawe ya babu kule Siyu, kisiwani Pate karibu na Lamu, wataibomoa baada ya Idi, waweke ya bloku na mabati. Fungu langu ni pauni 3,000. Dari ya chumba cha ndani imeshuka upande mmoja, boriti mbili zimevunjika, na paka kazalia kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani alimokuwa bibi akipanga mabakuli yake. Hilo la paka kalitaja kama hoja.

Mie sitaki ivunjwe. Nikikataa kutoa, nitaambiwa nimekuwa mzungu. Je, mrithi aliye ng'ambo ana kauli? Na UNESCO si wanazilinda hizi?

Kutoka: Mpate, Toronto

Waalaykum salaam dada yangu,

UNESCO usiwategemee. Kilichoingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2001 ni mji wa kale wa Lamu. Siyu ina ngome yake na sifa ya kuwashinda jeshi la Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, mwaka 1844, lakini nyumba ya babu yako ni ya kwenu wenyewe kuilinda.

Kauli unayo. Kama mirathi haijagawanywa, nyumba bado ni ya warithi wote, na kaka peke yake hana ruhusa ya kuishusha. Mwambie kwa upole kwamba mwende kwa Kadhi Lamu kwanza. Wewe mwandikie mtu hati ya uwakilishi akusimamie, wala usimwandikie kaka huyo huyo.

Sasa nyumba yenyewe. Zile haziuliwi na uzee, zinauliwa na maji yanayoingia juu. Ncha ya boriti iliyozama ukutani ndiyo huoza kwanza, na huioni mpaka dari ishuke. Yetu ya Pate tuliiua wenyewe kwa mapenzi. Tulichanga, tukatuma hela ya saruji, ukuta ukapigwa plasta mpaka ukang'aa kama benki. Jiwe la matumbawe na chokaa hupumua, saruji haipumui. Unyevu na chumvi vikakwama ndani, na mwaka wa tatu plasta ikabanduka na mawe yake mgongoni. Hata leo nikiona lori la saruji hapa Toronto nasonya.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iwe ya makuti juu ya dari, kabla ya masika, kabla hata ya kumlipa wakili. Kisha boriti za mkoko, moja moja, na fundi anayejua chokaa. Asikuambie atakupanulia chumba kwa kutoa ukuta: vyumba vile ni vyembamba kwa sababu boriti haiwezi kubeba upana zaidi.

Mlango bado upo? Sheria ya makumbusho na turathi ya Kenya ya 2006 inahesabu mlango au miimo iliyochongwa kabla ya 1946 kuwa kitu kinacholindwa. Dalali huja siku ya kubomoa, na bei tamu mkononi. Wetu uliondoka usiku.

Kutoka: Mama Doha

Mnisamehe, nitasema lisilopendeza. Mie nimezaliwa katika nyumba ya mawe. Ndani giza mchana kweupe, choo cha shimo, na friji haipiti mlangoni. Sisi tunalala na kiyoyozi halafu tunataka wenzetu wabaki chini ya boriti ili tukirudi likizo tupige picha. Dada, nani analala humo? Usimuulize kaka yako. Muulize wifi yako.

Kutoka: Binti Siyu, Leicester

Mama Doha, uliniumiza, lakini nilimpigia.

Wifi hana haja na bloku. Anataka choo cha ndani, maji ya mfereji, jiko lisilomtoa machozi, na chumba kwa binti yake anayeposwa. Uwanja wa nyuma, palipokuwa na mkomamanga, unatosha vyumba viwili na choo. Nimesema vyumba hivyo nitavichangia, na nyumba ya mbele ipate makuti kwanza. Kaka kasema "tutaona". Kwake neno hilo laweza kuwa chochote.

Pauni 400 za makuti nimemtumia wifi mwenyewe. Mlango upo, kanipigia picha: ubao wa chini umeliwa na mchwa, juu maua yote yapo, na kuna kufuli jipya ambalo hakuna anayekiri kulinunua.

Kuna anayekwenda Lamu kabla ya Ramadhani? Nahitaji mtu asiye wa ukoo wetu anipimie boriti za chumba cha ndani, ukuta hadi ukuta, na achokoe zile ncha kwa bisibisi aone kama inazama. Nauli ya boti mpaka Siyu juu yangu.