Mrejesho: nerini zimechanua, tatizo nilikuwa mimi

Wakuu, nimerudi. Kwa ambao hawakuliona swali langu: nipo Leicester, Uingereza, na nina vitunguu vya nerini (si vya kula, ni vile vya kuoteshea maua), yale maua ya pinki yenye asili ya Afrika Kusini ambayo huku huchanua kuanzia Septemba. Miaka mitatu mfululizo nilipata majani tu, nikawauliza kwa nini hazichanui.

Aliyeniambia "umevizika" alipatia. Nilivifukia sentimita 15 kama tulipu, tena kivulini chini ya mtufaha, na mbolea ya kukuzia juu yake. Kumbe nalisha majani!

Machi ya mwaka jana nikavifukua na kuvihamishia kwenye ukuta unaotazama kusini, upande ambao huku ndio unaopata jua, vimebanana, shingo zikichungulia juu ya udongo. Mke wangu akauliza kama nimesahau kumalizia kufukia. Mwaka ule vikanuna, hakuna ua. Mlishanionya kwamba havipendi kusumbuliwa, basi nikatulia.

Safari hii majani yalipokauka mwishoni mwa kiangazi, mkono uliniwasha kumwagilia, nikajizuia. Wiki ya mwisho ya Septemba vikatoka vikonyo saba, vitupu, bila jani hata moja. Petali zimejikunja kingoni, na jua likizipiga zinametameta kama zimenyunyiziwa sukari.

Vikonyo viwili vililiwa na konokono usiku mmoja. Sasa nazunguka na tochi kabla ya kulala, majirani sijui wananifikiriaje.

Jirani mmoja ameshaomba vitunguu vya kupanda kwake. Nimemwambia asubiri, sivigusi tena.