Mama anafikisha miaka 70: keki, kadi na viganja vya wajukuu, tupange vipi?

Kitindamimba:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mama anafikisha miaka 70 Jumamosi ya wiki ijayo, na sisi watoto tumekubaliana kwamba safari hii hakuna cha kununua. Tunataka keki ya matabaka mawili, kadi ya rangi za maji, na alama za viganja vya wajukuu watatu, mkubwa ana miaka 8 na mdogo mwaka na nusu. Oveni ipo, mizani ya jikoni ipo. Naomba vipimo na mpangilio wa siku. Shida ninazozijua ni karatasi kujikunja ikilowa na keki kubonyea katikati. Kwenye viganja sijui hata pa kuanzia. Macho ya mama nayo si kama zamani, mlizingatie hilo.

Bi_Unga:
Marahaba. Anza na kinachochelewa kukauka: viganja wikiendi hii, kadi katikati ya wiki, keki Ijumaa. Ukigeuza mpangilio huo utajikuta unapaka vanishi wageni wakiwa mlangoni.

Viganja vifanye kwa donge la chumvi. Vikombe 2 vya unga wa ngano wa kawaida, kikombe 1 cha chumvi laini, na maji kama kikombe 1. Maji yatie kidogo kidogo, huenda yasiishe yote. Unga wenye bekingi pauda ndani usiuguse, kwa sababu donge litafura ndani ya oveni na mistari ya kiganja itapotea. Chumvi ya mawe nayo huacha vishimo. Kanda dakika 8 hadi 10, donge liwe laini lisilonata mkononi.

Lisukumie juu ya karatasi ya kuokea, unene wa milimita 7. Weka rula mbili zenye unene huo kulia na kushoto, kifimbo kipite juu yake, unene utakuwa sawa pote. Ukishagandamiza kiganja usiliinue donge kwa mikono, maana alama itavutika. Liende oveni na karatasi yake. Fanya vibao vitatu vidogo, usifanye kimoja kikubwa: kikubwa hukauka pembeni kabla ya katikati na kingo huinuka. Donge la vipimo hivyo linatosha vyote vitatu.

Huyo wa mwaka na nusu atakunja ngumi mara tu akigusa kitu cha baridi. Msubiri alale. Kilaze kiganja juu ya donge, gandamiza mgongo wa mkono kwanza, kisha kidole kimoja kimoja, halafu inua mkono moja kwa moja kwenda juu bila kuuburuta. Mwenye mchubuko asiguse, chumvi inachoma. Tundu la kamba litoboe kabla ya kuoka, kwa mrija wa kunywea, sentimita 1 na nusu kutoka ukingoni.

Joto ni nyuzi 100, saa 3 hivi, ukigeuza nusu ya njia. Watu wengi hukosa uvumilivu hapa, wakapandisha hadi 150, na maji ya ndani yanageuka mvuke kabla hayajapata njia ya kutoka, yakaacha mapovu. Kibao kimekauka ukibonyeza katikati kwa chini na pasibonyee. Kipoe ndani ya oveni iliyozimwa. Kesho yake paka rangi za akriliki ukipenda, zikikauka paka vanishi mara mbili, mbele, nyuma, kingo na ndani ya tundu. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo upande usiopakwa utalainika. Na kama nyumbani kuna mbwa, kitundikwe juu asikofika. Chumvi nyingi kiasi hicho ni hatari kwake.

Mchapo:
Nami nichukue keki. Pima mayai 4 na maganda yake. Uzito utakaopata, karibu gramu 230, ndio uzito wa siagi, wa sukari na wa unga. Kama unga ni wa kawaida, tia vijiko vya chai 2 vya bekingi pauda, vilivyosawazishwa kwa kisu. Ongeza chumvi kidogo. Vyombo viwili vya kuokea vya upana wa sentimita 20.

Siagi iwe laini kiasi kwamba kidole kinaacha alama, lakini isiwe inang'aa wala kuyeyuka. Ipige na sukari dakika 4 au 5 hadi ibadilike kutoka njano hadi karibu nyeupe. Mapovu unayoyaweka hapo ndiyo bekingi pauda itakayoyapanua baadaye. Siagi iliyoyeyuka haishiki hewa. Mayai yatoke kwenye friji saa moja kabla, maana yai baridi hugandisha siagi na mchanganyiko unakatika vipandevipande. Ukikatika, tia kijiko kimoja cha unga kati ya yai na yai. Unga uliobaki uchunge na uuchanganye kwa mwiko, pole pole, na uache mara tu usipouona tena. Ukiendelea kukoroga, keki itakuwa ngumu ya kutafuna.

Oka nyuzi 180 (160 kama oveni ina feni), rafu ya kati, dakika 25 hivi. Kubonyea katikati kunaletwa na mambo matatu hasa. La kwanza ni kufungua mlango kabla ya dakika 20: joto linashuka wakati yai na wanga havijashikana, na mapovu yanaporomoka. La pili ni bekingi pauda iliyozidi, keki hupanda haraka na mapovu kupasuka. La tatu ni kuitoa mbichi. Kijiti kitoke kikavu, na ukibonyeza juu parudi. Keki ikivimba kama kilima na kupasuka, hilo ni tatizo tofauti, oveni ni kali mno. Kipimajoto kidogo cha kuweka ndani kitakuambia ukweli, vitufe vya oveni nyingi haviaminiki.

Iache ndani ya chombo dakika 10, kisha ihamishie kwenye wavu wa waya ipoe. Krimu ni siagi gramu 250, sukari ya unga gramu 500, maziwa kijiko cha chakula 1 au 2. Usipake kabla keki haijapoa kabisa hadi ndani, saa 2 au zaidi. Paka kwanza safu nyembamba ya kukamata makombo, weka friji nusu saa, ndipo upake ya mwisho.

Karatasi_Nzito:
Karatasi hujikunja kwa sababu nyuzi zake hunywa maji na kutanuka pale palipolowa tu. Tafuta ya rangi za maji yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba. Ibandike kwenye ubao kwa utepe wa karatasi pande zote nne, na usiubandue mpaka ikauke kabisa. Ukigusa kwa mgongo wa mkono na unahisi ubaridi, bado ina maji.

Ushauri wangu: picha isichorwe juu ya kadi yenyewe. Chora kwenye kipande cha pembeni, sentimita 12 kwa 17, halafu ukibandike mbele ya kadi iliyokunjwa ya sentimita 15 kwa 21. Rangi haitapasuka kwenye mkunjo, na mtoto akiharibu kipande kimoja anachukua kingine bila machozi. Kunja kufuata nyuzi: pinda karatasi kidogo kwa urefu, kisha kwa upana, upande usiobisha ndio wa kukunjia. Pitisha kwanza kalamu iliyoisha wino kando ya rula, mkunjo utanyooka. Gundi iwe ya kijiti, ya maji itakurudisha kwenye mikunjo ileile. Lazia vitabu usiku kucha.

Waambie watoto wasirudie rangi pale palipoanza kukauka. Maji mapya husukuma rangi ya zamani pembeni na kuacha doa lenye kingo zilizochongoka. Ama pangali maji kabisa, ama pamekauka.

Kwa macho ya mama, maneno yawe ya wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, herufi nene za sentimita 1 au zaidi, mistari isibanane. Njano na bluu iliyopauka hatazisoma. "Tunakupenda" peke yake haitoshi. Kila mmoja aandike sentensi moja ya kitu mama alichomfanyia, kwa jina lake: alivyomfundisha kufunga kamba za viatu, alivyokesha naye akiwa na homa. Na hati mbaya ya mtoto msiinyooshe, iacheni ilivyo.

Kitindamimba:
Asanteni sana, nimenakili yote. Ila mama amepunguza sukari, na krimu ya nusu kilo ya sukari naona ni nyingi. Kuna njia ya kupamba bila krimu?

Mchapo:
Ipo, na mimi ningeichagua hata bila sababu hiyo. Kwanza fuateni kiasi alichoambiwa na daktari wake. Ndani ya keki sukari shusha hadi gramu 180, usipite hapo, kwa kuwa ndiyo inayoshika unyevu. Katikati ya matabaka paka jamu isiyo na sukari, nyembamba.

Juu, chukua mchoro mmoja wa mjukuu wenye umbo kubwa, ua au ndege, uutoboe kwenye karatasi nene isiyopakwa rangi. Uulaze juu ya keki iliyopoa, uchunge kijiko kimoja cha chakula cha sukari ya unga kwa umbali wa sentimita 20. Umbo litabaki jeupe juu ya keki ya kahawia.

Karatasi_Nzito:
Kabla ya kuilaza, bandika vipini viwili vya karatasi mgongoni, kulia na kushoto, watu wawili wainue kwa pamoja wima. Ukiinua upande mmoja, sukari iliyobaki juu ya karatasi inamwagikia mchoro. Na lifanyeni hilo dakika za mwisho kabla ya kuipeleka mezani, sukari ya unga ikikaa saa kadhaa hunywa unyevu wa keki na umbo linafifia.