Fleti Nairobi: mkataba na hisa ya kampuni, au hati ya sehemu?

MamaWawili: Wadau, nimepata fleti mbili, bei karibu sawa. Ya kwanza nitapewa mkataba wa upangaji wa miaka mingi na hisa moja kwenye kampuni ya usimamizi. Ya pili tayari ina hati ya sehemu, yaani hati ya umiliki ya fleti yenyewe. Wakili anasema ya pili, lakini ya kwanza ina roshani inayopata jua la asubuhi. Nichukue ipi?

Juma_SouthB: Ya pili, dada, jua utaota kwingine. Mimi nilinunua kwa mtindo wa zamani, wa mkataba na hisa kama ile ya kwanza. Hisa niliahidiwa, mpaka leo sijaiona. Hati mama ya kiwanja ilibaki kwa aliyejenga, naye akaichukulia mkopo! Lifti ikifa tunamwandikia mtu asiyelala hapa hata usiku mmoja. Kwa sheria ya Kenya ya 2020 ya mali za sehemu, mpango wa sehemu (mchoro wa soroveya unaoonyesha kila fleti) ukishasajiliwa hati mama inafungwa, kila fleti inapata hati yake, na wenye fleti wanakuwa shirika moja la kusimamia ngazi, paa na maegesho.

MzeeHati: Kweli tupu, ila hati ya sehemu haiongezi miaka. Kiwanja kikiwa cha kukodishwa na serikali na kimebakiza miaka 38, hata wewe una 38. Jengo halisajiliwi kwa sheria hiyo kama imebaki chini ya miaka 21. Kwa hiyo uliza miaka kabla ya bei. Na ile ya kwanza usiitupe bado, maana mikataba ya zamani inaweza kugeuzwa kuwa hati ya sehemu. Aliyejenga akigoma, mwenye fleti mwenyewe anaruhusiwa kuomba. Uliza tu kama soroveya ameshachora huo mpango.

Bi_Leicester: Huku Uingereza miaka iliyobaki kwenye mkataba ndiyo roho ya fleti. Ikishuka chini ya 80, gharama ya kuiongeza inaruka. Mikataba mipya tangu Juni 2022 haina tena kodi ya ardhi, ile anayolipwa mwenye kiwanja. Sisi wa zamani tunaendelea kulipa. Jirani yangu wa jengo jipya halipi hata senti, nami kila mwaka naletewa bahasha.

Juma_SouthB: @MzeeHati kuomba ni rahisi kusema. Sisi tuko fleti 24, na kumlipa soroveya wamechanga 9.

MamaWawili: Asanteni. Nimempigia muuzaji wa ile ya roshani, nikamuuliza imebaki miaka mingapi. Alisema atanipigia baada ya dakika tano. Leo siku ya tatu.