Kusini tunapunjwa majimbo, au nchi ndiyo kubwa mno?

Mto_Lukuledi: Wakuu, nasikia nchi ndogo hutawalika vizuri kuliko kubwa. Seychelles ina watu kama laki moja na Bunge la viti kama 35. Huku Lindi mbunge kumwona ni mpaka kampeni. Tukiongezewa majimbo ya uchaguzi, huduma zitasogea?

Nahodha_Mikindani: Piga hesabu kwanza. Sensa ya 2022: Lindi watu 1,194,028, majimbo 8, kama 149,000 kwa mbunge. Mtwara 1,634,947 kwa majimbo 10, kama 163,000. Wastani wa Bara, kwa majimbo 222 ya mwaka 2025, ni karibu 270,000. Kwa vichwa hatupunjwi hata kidogo. Na hiyo Seychelles ilipinduliwa 1977, ikakaa chama kimoja hadi miaka ya 1990. Udogo haukuisaidia.

Korosho_Ghafi: Vichwa sawa, Nahodha, ila mbunge anafuata vijiji viliko. Lindi ni kama kilometa za mraba 66,000, Mtwara hazifiki 17,000. Jimbo la Lindi kwa wastani ni kama mara tano ya la Mtwara, na masika yakikolea huko Liwale ndiyo usiseme. Ibara ya 75 ya Katiba inaitaka Tume ya Uchaguzi iangalie pia njia za mawasiliano na jiografia, na ipitie mipaka angalau kila miaka 10. Hoja ya Lindi ijengwe hapo. Ukienda na idadi ya watu, Dar watakucheka.

Mizani_Masasi: Jimbo jipya linaleta mbunge, halileti mapato. Wengi wanachanganya na kugawa halmashauri, ambako ni mkurugenzi mpya, wakuu wa idara, magari, majengo, yote kabla ya zahanati moja. Ushuru wa mazao ya biashara unaoingia halmashauri ni asilimia 3 ya bei. Korosho ikianguka bei, halmashauri mbili zinalia badala ya moja.

Nchi ikikua, mbunge lazima awe mbali. India wana viti 543 kwa watu zaidi ya bilioni 1.4, pengo linazibwa na mabunge ya majimbo yao yenye serikali zake, na mabaraza ya vijiji. Kwetu ni diwani na mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria ni angalau kila miezi mitatu, na kila mkazi wa miaka 18 ni mjumbe. Mto_Lukuledi, kijijini kwako uliitishwa lini mara ya mwisho, na mapato na matumizi yalisomwa?