Sedani ya michezo 2.0 tabo "inanusa mafuta": acheni kudanganya watu

Wakuu, uongo huu umekomaa sasa. Kila anayeuza sedani ya saizi ya kati yenye bodikiti na mabomba mawili ya moshi anaimba wimbo uleule: "Injini ni 2.0 tu, silinda nne, inanusa mafuta." Mnunuzi anaondoka na hesabu ya kilomita 15 kwa lita kichwani, mwezi haujaisha anapata 8 au 9, kisha anamshika fundi mashati.

Fundi hana kosa. 2.0 ni ujazo wa silinda kwa lita, si ahadi. Tabo, yaani pampu ya kusukumia hewa ndani ya injini, ikisukuma presha ya ziada ya baa 1, injini hiyo inameza hewa karibu mara mbili ya ile isiyo na tabo, na petroli lazima iifuate hewa: gramu 1 kwa kila gramu 14.7 hivi. Ukikandamiza pedeli, nyingi zinaongeza petroli hata kupita uwiano huo ili kupoza vyumba vya mwako na kuiokoa tabo isiungue. Ukitaka farasi 250, utawalisha farasi 250, hata kama nyuma ya buti pameandikwa 2.0.

Na hizo kilomita 15 zilitoka wapi? Magari mengi yaliyotumika bado yanauzwa kwa namba za kipimo cha zamani cha Ulaya, NEDC: ndani ya maabara, dakika 20 hivi, kilomita 11, wastani wa kilomita 34 kwa saa, AC imezimwa. Nani ananunua gari la michezo aliendeshe hivyo? WLTP, kipimo kilichochukua nafasi yake, kilichoanza na modeli mpya Septemba 2017, kina ukweli zaidi: dakika 30, kilomita 23, kasi inafika kilomita 131 kwa saa. AC huko nako imezimwa. Kwa hiyo anayekutajia kilomita kwa lita bila kutaja kipimo, muulize. Galoni nazo zinachanganywa makusudi: maili 30 kwa galoni ya Marekani ni kilomita 12.8 kwa lita, kwa galoni ya Uingereza ni 10.6. Tangazo linasema "30" tu, basi.

Msiniletee habari za "dashibodi yangu inaonyesha 13". Kompyuta ya gari inakadiria, na mara nyingi inajipendelea. Pima hivi: jaza tanki mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, usiongeze hata tone. Rudisha tripu sifuri. Endesha kilomita 400 au zaidi, rudi kwenye pampu ileile, jaza kwa mtindo uleule, gawanya kilomita kwa lita. Tanki moja halitoshi, fanya matatu. Na kama umefunga tairi zenye kipenyo tofauti na cha kiwandani, odomita yenyewe imeshapotoka kabla hujaanza kupiga hesabu.

Kuna wanaojiona wajanja kwa kuweka petroli ya oktani 91 (namba ya jinsi petroli inavyostahimili kugonga) kwenye injini iliyoandikwa 95 au 98 kwenye mfuniko wa tanki. Sensa inasikia injini inagonga, kompyuta inachelewesha cheche, nguvu zinashuka, mguu unazidi kukandamiza. Ulichookoa kwenye pampu kimeishia hapo. Kupanda mlima kwa gia kubwa na mzunguko mdogo ndiyo mbaya kuliko yote, pistoni zinapasuka hivyo.

Kama ulaji umepanda ghafla, usikimbilie kubadilisha nozeli za kupulizia petroli. Chomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, tazama joto la kulanti (maji ya kupoza injini): likiganda nyuzi 70 gari likiwa kwenye mwendo mrefu, thamostati, vali inayodhibiti joto la injini, imekwama wazi na injini inalishwa kama vile bado ni ya baridi. Tazama marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza: yakizidi +10%, tafuta hewa inayopenya baada ya sensa ya hewa, au sensa hiyo imechafuka. Halafu sogeza mkono karibu na rimu baada ya safari, usiguse diski. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake, breki imeng'ang'ania.

Lakini mafuta si kitu kama huna bajeti ya tairi, na hapa wauzaji wanakuwa bubu kabisa. Nyingi ya sedani hizi zina tairi pana zaidi nyuma kuliko mbele, maana yake huwezi kuzizungusha mbele na nyuma, na za nyuma zinaisha mapema. Zile zinazovuta magurudumu yote manne ni shida zaidi: tairi moja ikipasuka mara nyingi unanunua mbili au nne, kwa sababu tofauti ya milimita chache za kashata inaichosha boksi ya kugawa nguvu. Zikiwa ranflati, yaani tairi zinazoweza kutembea hata bila upepo, spea mara nyingi haipo. Breki kubwa zinakula pedi na diski pamoja. Unene wa mwisho umegongwa kwenye diski yenyewe, fundi anayeichonga chini ya hapo anakuuzia ajali.

Oili lita 5 hadi 6.5, yenye kibali cha mtengenezaji, si "5W-30 yoyote". Kitabu kinaruhusu kilomita 30,000? Kwa tabo na foleni, mwaga kila 10,000. Plagi nyingi za tabo zinataka kubadilishwa kila 60,000 hivi. Zikichoka zinaua koili.

Na "oili ya gia boksi ni ya maisha". Maisha ya nani? ZF, wanaotengeneza ile 8HP ya gia nane iliyojaa kwenye magari haya, wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Filta yake imo ndani ya sampo (bakuli la oili) ya plastiki, hivyo unabadilisha sampo nzima. Kipimo cha oili hiyo kinachukuliwa injini ikiunguruma na joto likiwa sahihi. Anayemimina kwa kukisia gari likiwa baridi, mnyang'anye funguo.

Anayebisha alete kilomita, lita za matanki matatu, oktani aliyoweka na saizi ya tairi mbele na nyuma. Picha ya dashibodi siipokei.