Ukoo wa Sikonge: karanga za Doto

*Jumamosi*

Doto, 06:41: Mwangaluka wote. Mzinga wangu wa chini ya myombo, nyuki wamejaa mlangoni wananing'inia kama ndevu. Picha hiyo. Wanahama?

Shangazi, 06:44: Mwangaluka mwanangu. Oktoba hii nani analala ndani? Joto tu hilo.

Kulwa, 06:45: Mimi mwenyewe nimeamkia barazani 😂

Bamdogo, 06:52: Joto huwatoa, kweli. Ila Doto, picha umepiga saa ngapi?

Doto, 06:53: Sasa hivi. Usiku pia walikuwa hivyo hivyo.

Bamdogo, 06:57: Basi si joto peke yake. Alfajiri kuna ubaridi, wa joto wangekuwa wamesharudi ndani. Madume je? Wale wanene wenye macho makubwa, wanaovuma kama pikipiki mbovu.

Doto, 06:58: Wengi mno tangu wiki iliyopita.

Bamdogo, 07:03: Jua likizama vaa vizuri, moshi wa kutosha, nyanyua masega ya majana, yaani ya watoto wa nyuki, moja moja. Tazama kingo za chini. Ukiona kitu kama karanga yenye ganda kinaning'inia, ndicho chumba cha kulelea malkia mpya.

Doto, 19:26: Karanga 9!!! Zote chini na pembeni. Nne zimeshazibwa. Nimeumwa mara tano, kumbe glovu ina tundu.

Shangazi, 19:27: Pole baba. Toa miiba kwanza.

Doto, 19:29: Nizikate zote yaishe?

Bamdogo, 19:29: USIKATE

Bamdogo, 19:34: Uliona mayai? Kama punje nyeupe nyembamba chini ya tundu.

Doto, 19:35: Mabuu niliona. Mayai… nilikuwa nakimbia bamdogo.

Bamdogo, 19:42: Hapo ndipo watu wanapoua mzinga. Malkia mzee huondoka na nusu ya nyuki au zaidi, mara nyingi karanga za kwanza zikishazibwa. Kama ameshaondoka nawe ukakata zote, waliobaki ni yatima, na kama hakuna yai wala buu changa hawana pa kupatia malkia mwingine. Kama bado yumo, watajenga nyingine. Hamu ya kuruka haikatwi kwa kisu.

Kulwa, 19:44: Lakini miombo imechanua, chakula tele. Wanakimbia nini?

Bamdogo, 19:50: Shibe. Asali imejaa hadi kwenye tundu za majana, malkia hana pa kutaga. Wanaokimbia siafu au njaa huondoka wote na mzinga unabaki mtupu. Hawa wanagawana nyumba.

Bamdogo, 19:56: Kwa ndevu hizo nadhani bado yumo. Kesho jioni nakuja na mzinga mtupu. Sega alilokalia malkia, mengine matatu ya majana na moja la asali, pamoja na nyuki wake, tunahamishia humo bila karanga hata moja. Mzinga wa zamani tunauachia karanga mbili nzuri. Ukiziacha zote 9, litaruka bumba (kundi) la pili, hata la tatu, ubaki na vibarua wa kujaza kikombe.

Kulwa, 20:10: Babu kasikia yote. Anasema enzi zake hawakutafuta malkia, walipaka nta kwenye mzinga wa gogo wakautundika jirani. Sasa kaomba nta.

Shangazi, 20:11: Usiku huu? Mwambieni alale.

*Jumapili*

Shangazi, 11:18: DOTO UKO WAPI? Nyuki wametanda uani kama wingu, wametua kwenye tawi la mwembe. Watoto wanatupa mawe!

Doto, 11:20: Niko kanisani 😭

Bamdogo, 11:21: Ingizeni watoto ndani. Mbuzi wafunguliwe kamba. Wameruka na matumbo yamejaa asali, hawana haja ya kuuma, ila jiwe likiwapata hatutasalimika. Hapo wanangoja wapelelezi walete habari za makazi. Naja na mzinga.

Kulwa, 13:47: Bamdogo geuza. Wameinuka wote, wameingia kwenye gogo lililo nyuma ya choo.

Doto, 13:48: Gogo gani?

Kulwa, 13:49: La babu. Kumbe jana alinipandisha mtini na tochi, akanikataza kusema. Anasema hao ni wake.

Doto, 13:50: Babu jamani!! Malkia wangu huyo

Bamdogo, 13:58: Wewe una karanga 9 kule, mmoja anaweza kutoka leo. Shona glovu, saa kumi na mbili nipo kwako. Tukishapunguza karanga, usifungue huo mzinga wiki tatu, malkia kijana atoke akapandwe, aanze kutaga.

Shangazi, 14:02: Na choo tutatumia cha nani?