Ukurasa wangu wa Instagram umeninyima kazi ya forodha hapa Tanga. Niufute?

Binti Ngamiani
Wakubwa shikamooni. Nina miaka 26, nakaa Ngamiani, Barabara ya 12. Nina cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha, na nimejitolea mwaka na miezi miwili kwenye ofisi ya kutoa mizigo, nikiandaa kadhia, yaani hati za kutangaza mzigo forodhani, na kukimbiza nyaraka bandarini kwa baiskeli.

Tangu mwaka juzi nina ukurasa Instagram, naeleza forodha kwa Kiswahili chepesi. Kwa mfano, kwa nini ushuru wa gari hauhesabiwi kwenye bei ya kununulia peke yake, bali bei, bima na nauli ya meli kwa pamoja. Wanaonifuata ni 6,000 na ushee, wengi wafanyabiashara wadogo. Juu kabisa nimeandika: "Ndoto: kampuni yangu ya uwakala kabla ya miaka 30."

Wiki iliyopita niliitwa usaili. Maswali yote nilijibu. Mwishoni meneja akatoa simu yake, akanigeuzia kioo. Ukurasa wangu! Kidole kimetua pale pale kwenye "kabla ya miaka 30". Akasema, "Binti, nikufundishe kazi, nikukabidhi wateja, halafu uondoke nao?" Nikajibu "hapana, baba", na mpaka leo sijui nilikuwa nakataa nini. Jioni ukaja ujumbe kwamba nafasi imepata mtu.

Mama ananiambia nifute kila kitu. Lakini pale nilipojitolea, wateja kadhaa walikuja wakinitaja mimi kwa sababu ya huo ukurasa. Niufute wote, au niondoe ndoto tu?

Mzee wa Chumbageni
Marahaba mwanangu. Nina ofisi ndogo ya uwakala, vijana watatu. Nikueleze hofu yetu. Mteja wa forodha hafuati jengo, anamfuata yule aliyepokea simu yake saa tano usiku mzigo umekwama. Kijana wangu mmoja aliondoka na wateja wanne ndani ya wiki moja, nikashindwa hata kulipa pango. Kwa hiyo meneja yule namwelewa.

Ila kijana huyo hakuwa na ukurasa, wala hakuwahi kumwambia mtu ndoto yake. Wewe umeshasema. Mtu wa namna yako naweza kukaa naye mezani tukaandikiana: miaka mitatu, wateja uliowakuta ni wangu, utakaowaleta tutazungumza.

Pongwe Mwisho wa Lami
Futa huo mstari leo hii, dada. Ndoto iandike kwenye daftari. Kazi kwanza.

Dada wa Ajira
Mdogo wangu, mimi kazi yangu ni kuajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamlinda hata mwombaji kazi asibaguliwe kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito na mengineyo. Kutaka kuwa na kampuni yako hakumo, kwa hiyo usipoteze nauli kwenda kulalamika.

Nimeupitia ukurasa wako wote. Unafundisha vizuri mno. Ndoto isingenizuia kukuajiri. Kilichonishtua ni ile picha ya kadhia, umeishika mkononi, jina la mwenye mzigo linasomeka na thamani ya bidhaa zake pia. Huyo mtu alikuruhusu? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Mimi nikiona vile najiuliza, za wateja wangu atazipiga picha lini?

Binti Ngamiani
Dada, nimetetemeka. Nilidhani nimeziba jina kwa kidole gumba, kumbe nimeziba nusu. Nimeifuta sasa hivi. Mwenye mzigo nimempigia, ni mama wa vitenge pale sokoni. Hakujua kabisa kama ipo. Amenisema, na ni haki yake. Kesho naenda kumwomba radhi uso kwa uso.

Pongwe, ahsante, lakini mstari nauacha.

Mzee wangu, Jumatatu baada ya adhuhuri nikija na cheti changu, utakuwepo?

Mzee wa Chumbageni
Njoo. Nimekutumia namba yangu faraghani.